Hilux ya kebo, injini ya kompyuta: waya wa spidi unaunganishwaje?

"Shikamoo fundi. Nina Hilux RN105 ya mwaka 1993, 4x4, iliyokuja na injini ya 22R ya kabureta. Mwaka jana niliitoa nikaweka 3RZ ya Prado pamoja na nyaya zake na kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Giaboksi na transfa (boksi la kugawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) ni zile zile za zamani, na spidomita ni ya kebo. Gari lina nguvu, linapanda milima ya Makete na viazi bila kulalamika. Matatizo ni mawili. Taa ya cheki injini inawaka nikishatembea kidogo. Halafu nikikaribia kusimama, nikikanyaga klachi, injini inazima, hasa nikitoka kwenye mteremko. Fundi wa kwanza alisema waya wa spidi haujaunganishwa ila hauna maana, ni wa kuonyesha spidi tu. Wa pili anataka kuupa moto wa volti 12 ili kompyuta inyamaze. Wa tatu anasema tuchukue sensa ya ABS (breki za kuzuia tairi zisijifunge) ya tairi kutoka gari jingine. Nimeweka pia tairi za 265/75R16 badala ya 205R16. Waya wenyewe ninauona, unaning'inia chini ya dashibodi umefungwa tepu. Nifanye nini bila kuunguza kontroli boksi?"

Marahaba, ndugu yangu. Ombi langu la kwanza: waya huo usiupe moto wa volti 12. Uache na tepu yake mpaka umalize kusoma hapa. Hofu yako ya kuunguza kontroli boksi ina msingi, maana huu ni kati ya nyaya ambazo watu huziharibu wakiwa na nia njema kabisa ya kusaidia.

Nikikuelewa, unauliza mambo mawili. Je, ni kweli waya wa spidi ndio unaozima injini? Na kama ndivyo, mapigo ya spidi yatatoka wapi kwenye gari ambalo halikuwahi kuwa na sensa?

Fundi wa kwanza alikuwa sahihi kwamba waya haujaunganishwa. Alikosea aliposema hauna kazi. Kwenye 22R ya kabureta hakuna aliyehitaji kujua kama gari linakwenda au limesimama. Kabureta inatoa mafuta kadiri injini inavyovuta hewa, basi. 3RZ ni injini ya nozeli, na kontroli boksi ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani na lini. Unapoachia pedali kwenye mteremko ukiwa ndani ya gia, kontroli boksi inakata mafuta kabisa, kwa kuwa tairi ndizo zinazoizungusha injini. Ukikanyaga klachi, tairi haziizungushi tena, mzunguko unaporomoka, na hapo kontroli boksi inatakiwa iwahi kurudisha mafuta na kuachia hewa ya kutosha kupitia vali ya sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ili injini itue taratibu. Kuwahi huko kunategemea kujua kwamba gari bado linatembea. Isipopata mapigo ya spidi inaamini umepaki. Inaandaa sailensa ya gari lililopaki, mzunguko unashuka chini ya kiwango kabla haijashtuka, na injini inazima. Ndiyo maana yako inazima ukitoka mteremkoni na si ukiwa unasubiri abiria.

Hata hivyo sitakuahidi kwamba waya huu peke yake ndio ugonjwa wote. Vali ya sailensa iliyojaa masizi inazima gari kwa namna inayofanana kabisa na hiyo. Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, kwenye mpira uliopasuka kati ya kichujio na throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta), nayo ni hivyo hivyo. Sensa ya throto isiyotoa taarifa kwamba umeachia pedali nayo ipo kwenye orodha. Injini za kubadilishwa zinakuja na mipira iliyokunjwa na soketi zilizovutwa, kwa hiyo usishangae ukikuta mawili kwa pamoja. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipoteza siku mbili nikisafisha na kubadilisha vali za sailensa kwenye pikapu moja, na kosa lilikuwa kichupa cha kioo cha swichi ya spidi, chenye ufa, nyuma ya spidomita. Tangu siku hiyo sianzi kufungua kitu kabla sijaiuliza kontroli boksi yenyewe inalalamikia nini.

Kuiuliza ni rahisi. Kwenye nyaya za Prado ulizohamisha kuna kiboksi kidogo cheusi chenye mfuniko, kwa kawaida hukaa upande wa injini, ndani yake kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Unganisha hayo mawili kwa kipande kifupi cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka kwa mpangilio mmoja bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara nne, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 42, yaani mapigo ya spidi hayafiki. Andika kila namba unayoiona, usitegemee kukumbuka.

Hapa nina swali ambalo hukuligusa: ile Prado ilikuwa ya gia za mkono au automatiki? Prado nyingi za Japani ni automatiki. Kama kontroli boksi ni ya automatiki, itatafuta pia sensa ya pili ya spidi na vali za umeme za giaboksi ambazo wewe huna, na unaweza kuona 61, 62 au 63 pamoja na 42. Waya wa spidi utaondoa 42 na kutuliza injini, lakini taa inaweza kubaki inawaka kwa ajili ya hizo nyingine. Dawa yake ni kontroli boksi ya gia za mkono, na ni bora ujue sasa kabla hujatumia fedha kwingine.

Sasa tuingie kwenye mapigo yenyewe, maana ukiyaelewa haya utaona mwenyewe kwa nini mafundi wako wawili walikuwa wanakupeleka kubaya.

Kontroli boksi haipokei spidi kama namba. Inapokea hodi. Mfikirie karani wa ghala anayehesabu magunia gizani: hawaoni wabebaji, ila kila anayepita anagonga mlango mara moja. Karani hajali mlango umegongwa kwa nguvu kiasi gani. Anahesabu hodi ngapi zimepigwa kwa muda fulani. Mlango wenyewe ni ule waya wako. Kontroli boksi ndiyo inayouwekea umeme mdogo, volti 5 kwa kawaida na baadhi volti 12, kupitia rezista iliyo ndani yake. Sensa haileti umeme wowote. Kazi yake ni kuugusisha waya huo na eathi kisha kuuachia, kuugusisha na kuuachia. Kila mguso ni hodi moja.

Kwa hiyo ukiufunga waya huo kwenye betri, umeushikilia juu moja kwa moja. Hakuna hodi tena. Kontroli boksi itaendelea kuamini gari limesimama, 42 itabaki pale pale, na alternata ikianza kuchaji unakuwa umesukuma volti 14 kwenye mguu (pini) wa kontroli boksi ambao huenda uliandaliwa kwa volti 5. Kuna mafundi wengine wanaochukua mapigo ya mzunguko wa injini na kuyaingiza kwenye waya wa spidi ili taa izime. Taa inaweza kuzima kweli, lakini sasa kontroli boksi inaamini unakwenda kasi hata ukiwa umepaki unapasha injini moto. Kuidanganya kompyuta inayogawa mafuta ni hatari kuliko kuiacha bila taarifa.

Sensa ya ABS ni jambo tofauti. Kwenye magari ya miaka ile hiyo ni koili iliyozungushwa kwenye sumaku, inatoa umeme wa kupanda na kushuka ambao ukienda polepole ni hafifu mno kusomeka na ukikimbia unapanda. Haigusishi waya na eathi, kwa hiyo haizungumzi lugha ya mguu ule. Na hata ukiitafsiri, hesabu haikubali. Gurudumu la meno la ABS mara nyingi lina meno 48 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Tairi yako mpya ina mzingo wa mita 2.5 hivi, kwa hiyo kila kilomita utapata mapigo kama 19,000. Kontroli boksi yako inataka 2,548.

Namba hiyo sikuibuni. Kipimo cha Kijapani cha spidomita za kebo ni kwamba kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, ndiyo mizunguko 637 kwa dakika. Geuza spidomita ya Toyota ya zamani utaikuta 637 imeandikwa kwenye uso wake au nyuma yake. Toyota wakaweka sumaku inayozungushwa na kebo na swichi inayofunga mara nne kwa kila mzunguko. Nne mara 637 ni 2,548. Yaani hodi moja kila sentimita 39 za barabara. Zishike namba hizo mbili, nne na sentimita 39, tutazitumia baadaye.

Kwa hiyo kebo yako ya zamani, ambayo pengine ulishaanza kuiona ni kizuizi, ndiyo rasilimali yako kubwa. Inazunguka tayari kwa kipimo ambacho kontroli boksi ya 3RZ inakifahamu. Na kwa kuwa inatoka nyuma ya transfa, baada ya gia za kupunguza, hata ukiingiza 4L (tairi nne, gia nzito) bado inasema ukweli wa tairi. Kinachokosekana ni mtu wa kugonga mlango.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni spidomita yenye swichi ndani yake. Pikapu za mwili huo huo zilizotoka kiwandani na injini ya nozeli, kama 22R-E, zilikuwa na kebo kama yako, lakini nyuma ya spidomita kuna kichupa cha kioo chembamba kama njiti ya kiberiti, na ndani yake vidole viwili vya chuma vinavyogusana sumaku inapopita. Gari la kabureta mara nyingi halina kichupa hicho, ingawa nimewahi kukuta kimewekwa kwa ajili ya kifaa kingine. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toa mita za dashibodi uangalie. Chomoa betri kwanza, fungua skrubu, bonyeza kikufuli cha kebo kwa nyuma, vuta taratibu.

Ukikuta swichi, ijaribu kwa mita ya umeme ikiwa kwenye mlio: gusa miguu yake miwili, kisha zungusha tundu la mraba inapoingia kebo kwa kijiti kilichochongwa. Mzunguko mmoja mzima ulie mara nne na kunyamaza mara nne. Usitumie testa ya taa, hata kwa sekunde moja. Kichupa kile kimetengenezwa kwa umeme mdogo sana. Balbu inavuta mkubwa kiasi cha kuviunganisha vile vidole visiachane tena. Swichi nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa zimeuawa na testa ya taa.

Usipoikuta, tafuta spidomita ya aina hiyo kwenye spea za mtumba. Ilala kule Dar es Salaam wanazo mara kwa mara, na hata kwa wauza spea wa mikoani zinapatikana kwenye mizoga. Nenda na mita yako ya umeme mkononi, ipime dukani kabla hujalipa, na hakikisha imeandikwa 637. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kitu kipya kinachokaa chini ya gari kupigwa na matope, na spidomita inaendelea kufanya kazi. Mguu mmoja wa swichi unaenda eathi, mwingine unaenda kwenye waya wako. Haijalishi upi ni upi kwa swichi tupu. Kama kuna kibao kidogo cha elektroniki kilichounganishwa nayo, inajalisha.

Njia ya pili ni sensa ya kati, inayofungwa pale kebo inapotokea kwenye transfa: upande mmoja unaingia kwenye transfa, kebo inafungwa upande wa pili, na katikati sensa inahesabu. Kokwa za Toyota za kebo ni za milimita 22. Sensa hizi zina nyaya tatu: moto, eathi na mapigo. Ni njia nzuri kama mita za dashibodi yako hutaki kuzigusa, ila ina mitego miwili. Zinauzwa za mapigo manne, manane na hata 16 kwa mzunguko, na kwa macho zinafanana. Wewe unataka ya manne. Ukifunga ya manane, ukiwa kilomita 90 kontroli boksi inaamini uko 180, na magari mengi ya soko la Japani yamewekewa kikomo cha 180: injini itakosa mafuta katikati ya barabara, ukiwa unalipita lori. Mtego wa pili ni rangi za nyaya. Hazina kanuni. Fuata mchoro uliokuja nayo, na kama haukuja na mchoro usiinunue.

Njia ya tatu ni kuachana na kebo kabisa, kufunga sensa ya nyaya tatu ya Hilux au Prado za baadaye kwenye transfa, na kuweka mita za dashibodi za elektroniki. Sensa inapeleka mapigo kwenye mita, na mita ndizo zinazoipa kontroli boksi mapigo yake manne. Ni safi sana ikimalizika, lakini mita za Prado haziingii kwenye dashibodi ya RN105 bila kuchonga, na gharama inapanda. Kwa gari la viazi sioni sababu.

Wanaofunga vifaa vya kufuatilia magari wanajua ya nne: sumaku kwenye propela (shafti inayotoka transfa kwenda difu) na sensa pembeni yake. Kwa kifaa chao inafaa, kwa sababu wanaweza kukipangia hesabu. Kontroli boksi yako haipangiki. Chukua difu ya 4.556 (propela inazunguka mara 4.556 kwa kila mzunguko wa tairi) na tairi za 205R16: propela inazunguka mara 1,950 hivi kwa kilomita. Sumaku moja ni pungufu kwa karibu robo, mbili ni zaidi kwa nusu nzima. Halafu propela hiyo ndiyo inayopita kwenye tope na mawe. Sikushauri.

Sasa kuunganisha. Anza kwa kuhakikisha waya unaoning'inia ndio wenyewe. Usiamini rangi wala neno la aliyeufunga tepu. Chomoa betri, chomoa soketi ya kontroli boksi, tafuta kwenye mchoro wa kontroli boksi hiyo hiyo mguu ulioandikwa SPD, kisha pima kwa mlio kutoka mguu huo hadi ncha ya waya. Miguu inahama kati ya kontroli boksi za Japani na za masoko mengine, na kati ya automatiki na za gia za mkono, kwa hiyo mchoro ufuate namba iliyobandikwa kwenye kontroli boksi yako. Ukishauthibitisha, rudisha kila kitu, fungua swichi, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye eathi na nyekundu kwenye waya. Unatakiwa uone volti 5 hivi, au karibu 12. Ukiona hivyo, mlango upo na karani yuko kazini. Ukiona sifuri, simama hapo hapo. Ama waya umekatika mahali, ama mguu wa ndani umeshaungua. Usijaribu kuufufua kwa kuuletea umeme kutoka nje.

Waya mpya uupitishe mbali na nyaya za plagi na mbali na waya mnene wa alternata, maana umeme mkali unaomwagika pale unaweza kugonga hodi za uongo. Unapopita kwenye ukuta wa injini pitisha kwenye mpira, si kwenye tundu tupu la bati. Viungo uvilehemu na kuvivika mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu peke yake kwenye gari linalotembea barabara ya vumbi na mvua inaachia baada ya muda. Sensa ya nyaya tatu ipe moto unaokuja swichi ikifunguliwa tu, kupitia fyuzi ndogo. Ya ampea 5 inatosha na kusaza.

Eathi nataka uipe uzito wake, kwani kwenye magari yaliyobadilishwa injini ndiyo inayosahaulika. Mtu anarudisha waya wa eathi wa betri kwenye injini, ule mfupi mnene unaounganisha injini na bodi haurudi. Gari linawaka, kwa hiyo hakuna anayegundua. Lakini umeme wa kila kitu kilichofungwa kwenye bodi unalazimika kurudi kupitia nyaya nyembamba, na kila ukipiga starta, eathi ya dashibodi na eathi ya kontroli boksi zinapishana. Pima: ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye bodi, mwenzako apige starta. Ikizidi nusu volti, funga waya mnene kati ya hizo mbili kabla hujaendelea na sensa. Nimeona gari likipona kuzima kwa waya huo tu.

Baada ya hapo uhesabu hodi. Kabla hujaziba viungo vya mwisho, paki mahali tambarare, chora mistari miwili ya chaki ardhini yenye umbali wa mita 20 kati yake. Swichi ifunguliwe bila kuwasha injini, gia iwe huru, mita iwe kwenye volti za DC kati ya waya wa spidi na eathi. Watu wawili wasukume gari taratibu, wewe uhesabu kila mara volti zinapoanguka kwenye sifuri. Kwa tairi za awali ungepata hodi 51 hivi. Kwa tairi zako za sasa utapata kama 47. Ukipata karibu 100, sensa ni ya mapigo manane. Ukipata 20 na kitu, kuna sumaku isiyosomeka au ulikosea kuhesabu. Rudia mara mbili. Napendelea kusukuma kuliko kunyanyua gari na kuzungusha tairi kwa injini. Ukilazimika kunyanyua, liweke juu ya stendi na si juu ya jeki, weka kabari tairi za mbele, na hakikisha liko 2H (tairi za nyuma tu ndizo zinazosukuma). Gari likishuka kutoka kwenye stendi huku tairi zinazunguka halikusubiri.

Tofauti hiyo ya 51 na 47 ni tairi zako, na inaonekana kwenye spidomita pia. Tairi ya 265/75R16 ni kubwa kuliko 205R16 kwa karibu asilimia 8, kwa hiyo kebo inazunguka pungufu. Spidomita ikionyesha 50, kwa kweli uko 54, na kwenye vijiji vya 50 trafiki mwenye tochi hasomi spidomita yako. Ikionyesha 80, uko karibu 87 ukiwa na mzigo mgongoni. Kontroli boksi haitasumbuliwa na asilimia 8. Ni wewe na breki zako mnaotakiwa kujua. Marekebisho yake ni ile gia ndogo ya plastiki inayozungusha kebo kwenye transfa: yenye meno machache zaidi inazungusha kebo haraka zaidi. Kama ya sasa ina meno 25, ya 23 ingekurudisha karibu na ukweli. Hesabu meno ya yako kwanza, kisha utafute mbadala wa upana unaolingana. Ukiitoa, badilisha na sili yake ndogo ya mpira, la sivyo mafuta ya transfa yatapanda ndani ya kebo mpaka kwenye dashibodi.

Kisha futa makosa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI nusu dakika, na ulitembeze gari kilomita 20 au 30, mteremko ukiwemo. Kosa la 42 halijiandiki gari likiwa limesimama, kwa hiyo taa kuzima pale gereji si ushahidi. Soma tena kwa TE1 na E1. Kama 42 imetoweka lakini bado linazima, rudi kwenye vali ya sailensa, uisafishe, kagua mipira ya hewa, na upime sensa ya throto ukiwa umeachia pedali.

Kuna mahali ambapo nakuomba usiendelee peke yako. Kama ulipima waya ukapata sifuri, mpelekee fundi umeme mwenye uwezo wa kufungua kontroli boksi na kuitazama kwa ndani. Kama nyaya za Prado zilikatwa na kuunganishwa upya wakati wa kubadilisha injini, na hakuna mchoro uliobaki, lipa mtu afuatilie waya kwa waya kabla ya jambo jingine. Kama kuna kifaa cha kufuatilia gari kilichochomekwa kwenye waya wa spidi, aliyekifunga akitoe mwenyewe mpaka umalize kupima. Na kama injini inazima kiasi cha kukuacha bila nguvu ya breki ukiwa na mzigo mteremkoni, gari lisishuke Makete mpaka hili limalizike. Buster ya breki inategemea injini inayozunguka, na ukikanyaga mara mbili tatu injini ikiwa imezima, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukienda kwa fundi, mpe karatasi yenye mambo manne: namba iliyobandikwa kwenye kontroli boksi, namba za makosa ulizosoma, volti ulizozikuta kwenye waya, na hodi ulizohesabu kwenye mita 20. Akizisoma hizo ataanza kazi pale ulipoishia wewe. Na namba ya injini mpya, kama bado haijaingia kwenye kadi ya gari, ipeleke TRA wakati huo huo ukiwa mjini.